Kutoa minofu ya gayogayo nyumbani bila kujikata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mzigo wangu wa samaki wa kuuza ukishuka stendi ya Moshi kutoka Tanga, changu na vibua hawana shida, watu wanajua wanawafanya nini. Akitokea gayogayo ndo maswali yanaanza, huyu kakanyagwa na lori au, mbona macho yote yako upande mmoja, afu natoaje nyama hapo bila kumaliza vidole. Mi nimepika jiko la hoteli Arusha miaka sita kabla sijaolewa huku, nimekata samaki wengi na nimejikata pia, kwahiyo nayoyasema hapa yana makovu. Nimeyaweka pamoja ili niache kurudia yaleyale kwenye simu kila jumamosi.

Huyu samaki ni mzima kweli? Mbona kakaa hivi?

Ni mzima kabisa. Gayogayo (wengine Tanga wanamwita wayo) anazaliwa kama samaki wa kawaida, jicho huku jicho kule, anaogelea wima. Akiwa bado mdogo sana jicho moja linaanza kuhama, linavuka kichwa mpaka linakutana na mwenzie, ndo anashuka chini kulala kwenye mchanga ubavu mmoja maisha yake yote. Ule ubavu wa juu una rangi ya mchanga anaojifichia, wa chini mweupe. Usishangae wawili wa aina moja mmoja akatazama kulia mwingine kushoto, kuna aina zinatokea hivyohivyo. Yule mwenye mdomo mkubwa ana meno makali aisee, usimshike kwa kumtia kidole mdomoni kama unavyoshika sato.

Kwa kukata kitu cha kujua ni hiki: sato ana minofu miwili, gayogayo ana minne. Miwili juu miwili chini, katikati umelala uti wa mgongo na miiba imetandazwa kushoto kulia kama chanuo.

Kwani lazima nitoe minofu? Si nimkaange mzima tu?

Kama yuko chini ya robo tatu kilo mkaange mzima, usijitese, utabaki na vipande kama karatasi. Minofu inalipa kwa samaki wa kilo moja kwenda juu, na kwenye kilo moja tegemea gramu 400 hivi za nyama tupu, ukiwa na mkono mzuri inazidi kidogo. Watu wakisikia hapo wananuna, ila mapanki yake (mifupa na kichwa vinavyobaki) hayatupwi, nitafika huko. Sababu kubwa ya wateja wangu kutaka minofu ni watoto na wazee, na wakwe wa Kibosho ambao samaki wanamuogopa kwa ajili ya miiba tu, mtu kakua na ndizi nyama we unamletea mnyama mwenye sindano mia.

Moshi na bahari wapi na wapi, nitajuaje kama bado mzuri?

Swali la maana, maana kutoka Tanga ni zaidi ya kilomita 300 na joto la Korogwe na Same unalijua. Samaki asafiri kwenye deli lenye barafu juu na chini, siyo barafu moja imewekwa pembeni kama mapambo. Ukifika kununua, kwangu au Mbuyuni au kokote, angalia hivi. Macho yawe yamejaa na yanang'aa, yakizama ndani na kuwa na ukungu mwache. Funua shavu uone matamvua, yawe mekundu, ya kahawia au kijivu mwache. Bonyeza nyama kwa kidole, shimo lirudi. Ute wa juu uwe mwepesi wa kuteleza, siyo mzito wa njano. Upande mweupe uwe mweupe kweli. Harufu iwe ya bahari, ikikupiga ya ukali ule wa mkojo basi hata limao kumi hazimrudishi.

Samaki asikae nje ya baridi zaidi ya masaa mawili, na jua la Januari likipita nyuzi 32 hesabu lisaa limoja tu. Hapo ni pamoja na muda wa kukaa kwenye kiroba ndani ya hiace wakati we umesimama kuongea na shoga yako.

Nitumie kisu gani, hiki cha kumenyea ndizi hakifai?

Hakifai, ni kifupi na kigumu. Unataka kisu chembamba chenye bapa la sentimita 15 mpaka 20 na kinachopinda kidogo ukikisukuma kwa kidole, kwa sababu kinatakiwa kilale juu ya miiba kifuate umbo lake. Kisu cha nyama kile kinene kinakata miiba badala ya kupita juu yake, unaishia kula chenga za mifupa. Ongeza mkasi wa jikoni, ubao mkubwa, taulo mbili kavu na chumvi ya mawe. Basi. Wengine wananunua glavu ya nyuzi isiyokatika kirahisi, ni nzuri, ila ivae mkono usioshika kisu, nimeona mtu kaivaa mkono wa kisu akajiona yuko salama.

Si bora kisu kiwe butu kidogo kwa anayejifunza?

Hapana hapana. Kisu butu kinakulazimisha usukume kwa nguvu, na nguvu ikishaingia, siku kikiteleza kinaenda na nguvu yote hiyo kwenye mkono wako. Mi kovu la kidole gumba cha kushoto nililipata kwa kisu butu. Ilikuwa asubuhi, oda zimejaa, kisu cha kwangu sikioni nikachukua kilichokuwa mezani, kikagoma kwenye ngozi, nikakandamiza, kikaachia ghafla. Kisu kikali kingepita kwenye ngozi bila hata mimi kujua.

Wale jamaa wa kunoa wanaopita na baiskeli wananoa vizuri visu vya kawaida ila kwa kisu chembamba waambie wapunguze mkono, lile jiwe linalozunguka linakula bapa. Nyumbani kinoo cha maji kinatosha. Kupima, kata nyanya iliyoiva bila kuikandamiza, ngozi ikigoma rudi ukanoe.

Sasa ni wapi hasa watu wanajikata?

Mkono usioshika kisu, yani ule mwingine. Kila mtu anakodolea macho kisu anasahau kwamba kuna mkono mwingine umelala juu ya samaki mbele ya bapa. Kwahiyo kabla ya kila mkato jiulize huu mwingine uko wapi, kama uko mbele ya makali uhamishe. Kisu kiende kukuacha, na mkono mwingine uwe nyuma yake au juu ya mnofu umelalia bapa, siyo pembeni ukisubiri.

Vingine ni vya kijinga ila ndo vinavyotokea. Ubao unateleza, weka taulo yenye unyevu chini yake uone kama utasogea. Samaki anateleza kwa ute, mfute kwa taulo kavu, na mikono ufute, kila baada ya mnofu. Kisu kikianguka mezani, rudisha miguu nyuma kiache kianguke, usikidake. Na usikate huku TV imewashwa au mtoto anavuta kanga. Na kisu ukimaliza usikitumbukize kwenye beseni la povu, mdogo wangu alitia mkono kwenye beseni langu kutafuta vijiko akatoka na nyuzi nne za hospitali. Kioshe palepale, kikaushe, kipandishe juu.

Haya nielekeze, naanzia wapi?

Kwanza akiwa wa baridi, atoke kwenye barafu moja kwa moja. Nyama ya samaki aliyepoa inakaza na kukatika safi, ikishapata joto inakuwa kama uji na inachanika.

Mwoshe na maji yanayotiririka, mfute. Chukua mkasi punguza mapezi yale yaliyomzunguka kama pindo la gauni, hapo umeshaondoa nusu ya vitu vya kukuchoma. Akiwa amesafiri mbali mi namtoa matumbo kwanza, kifuko chake ni kidogo kiko nyuma tu ya kichwa upande mmoja, mkato wa vidole viwili unatosha, toa na matamvua, osha, futa tena.

Mlaze upande wa rangi ukiangalia juu, minofu ya huko ndo minene, unaanza na irahisi. Kata nyuma ya kichwa kwa kuzunguka kama herufi V mpaka kisu kiguse mfupa, usiukate mfupa. Sasa tafuta mstari unaopita katikati ya mwili toka kichwani mpaka mkiani, unauona kwa macho na ukipitisha kidole unausikia uti chini yake. Kuna gayogayo ambao ule mstari unapiga kona karibu na kichwa, usifuate kona, we nyoosha tu, uti haujapinda. Kata kwa ncha kutoka kichwani kwenda mkiani mpaka usikie mfupa.

Hapo ndo pa kutulia. Ingiza ncha kwenye ule mkato upande wa kichwani, laza bapa karibu kabisa lilale, likiinama kidogo sana kuelekea kwenye miiba, afu vuta mikato mirefu ya taratibu kuelekea pembeni kwenye mapezi. Usisage kama unakata mkate. Utasikia krrr, krrr, ile sauti ya bapa likipita juu ya miiba, hiyo sauti ndo mwalimu wako, ukiisikia uko sawa, ikinyamaza umepanda juu unaacha nyama kwenye mfupa, na kisu kikigoma umekwenda chini unataka kukata mwiba. Kila baada ya mkato inua mnofu kwa kidole gumba cha mkono mwingine kama unafunua ukurasa wa kitabu, uone unapoenda. Macho yaone makali muda wote, usikate kitu usichokiona.

Ukifika pembeni utakuta ukanda mwembamba wa nyama karibu na mapezi. Usiuache, ule una mafuta na utamu wake, watoto wanaugombania.

Mnofu wa kwanza ukitoka, mgeuze samaki, kichwa kilipokuwa mkia uwe hapo, ufanye wa pili. Geuza samaki, usijigeuze wewe ukakata kwa mkono uliopindishwa, hapo ndo ajali ilipo. Afu mpindue upande mweupe, hivyohivyo mara mbili. Huku kuna nyama ndogo kwahiyo taratibu zaidi. Ukikuta mayai, ni vifuko viwili vya rangi ya chungwa vinakwenda pembeni, vitoe vizima bila kuvipasua, vikaange na kitunguu.

Mara ya kwanza itakuchukua nusu saa na minofu itakuwa na mashimo. Kawaida. Mi wa kwanza mpishi mkuu aliuliza kama nimemkata au nimempiga.

Ngozi natoaje?

Hapa ndo pa pili kwa kukata vidole. Laza mnofu ngozi chini, mkia ukielekea kwako. Achanisha nyama na ngozi sentimita mbili hivi pale mkiani upate pa kushika. Sasa shika ile ngozi kwa chumvi au kwa taulo, bila hivyo inateleza na mkono unafuata kisu. Laza bapa, makali yakuache, yanainama kidogo kuelekea kwenye ubao. Afu siri yenyewe ni kwamba kisu kikae karibu bila kusogea, unavuta ngozi kulia kushoto, kulia kushoto, yenyewe inakuja. Anayesukuma kisu anakata ngozi katikati na kuanza upya.

Ukitaka usiitoe usiitoe, parua magamba vizuri kabla ya kuanza, kaanga upande wa ngozi kwanza.

Nimesikia kuna gayogayo mwenye sumu, ni kweli?

Kuna mmoja wa jamii hii upande huu wa bahari ya Hindi, kitaalamu anaitwa Pardachirus marmoratus, ana madoadoa, na kwenye mashina ya mapezi ya mgongoni na chini anatoa maji meupe kama maziwa ambayo ni sumu ya kujilinda, hata papa inamkimbiza. Ukiona maji ya aina hiyo yanatoka pale kwenye mapezi usiguse macho wala mdomo, osha mikono, na mi nasema usimpike, samaki wako wengi.

Sumu inayowapata watu mara nyingi zaidi siyo hiyo. Ni jodari na vibua waliokaa juani, wanatengeneza kitu kinachokufanya uso uwe mwekundu, kichwa kigonge na mwili uwashe, na kupika hakukiondoi. Ndo maana nasisitiza barafu mpaka mnanichoka.

Nimejikata tayari, nifanyeje?

Weka kisu chini kwanza, watu wanakimbia nacho. Osha kidonda kwenye maji yanayotiririka na sabuni, weka kitambaa safi, kandamiza, inua mkono juu ya usawa wa moyo, na ukandamize dakika 10 kwa saa siyo kwa kukisia, bila kufunua kuchungulia kila sekunde, ukichungulia damu inaanza upya. Hamna majivu, hamna mafuta ya taa, hamna dawa ya mswaki, hamna kahawa.

Nenda hospitali kama damu haijakata baada ya hapo, kama kidonda kimeachama, kama kidole hakipindi au hakinyooki au kimekufa ganzi mbele ya jeraha, hiyo ina maana mshipa au ukano umeguswa na ukichelewa kidole hakirudi. Na ukumbuke chanjo ya pepopunda, uliza hapohapo.

Na zile mbili tatu za kuchomwa na mwiba msizidharau. Tundu ni dogo, uchafu unabaki ndani. Kamua kidogo, osha sana, na kidole kikianza kuvimba, kuwa chekundu au cha zambarau, au mstari mwekundu ukapanda mkononi, nenda Mawenzi, KCMC, zahanati ya karibu, popote, na umwambie daktari kwamba ni mwiba wa samaki. Hilo neno samaki lina maana kwake, kuna bakteria wa samaki ambao dawa zake siyo zilezile anazotoa kila siku. Mwenye kisukari aende mapema zaidi, asisubiri zambarau.

Mwiba umekwama kooni, nimeze tonge la ugali?

Najua bibi zetu wote walisema hivyo. Usimeze. Tonge linaweza kuusukuma ukazama zaidi. Kohoa taratibu, kunywa maji kidogo, usipotoka au ukisikia maumivu makali, damu, au kupumua kwa shida, hospitali. Ili yasikufike hayo, kabla ya kupika pitisha kidole kwenye kila mnofu kuanzia kichwani kwenda mkiani, ukihisi mwiba uvute kwa kibano kwa upande ulikolala. Dakika mbili tu.

Harufu mikononi na kwenye ubao?

Mikono limao na chumvi, kama huna kidonda. Ubao sabuni na maji ya moto kwanza, afu jik ya kawaida isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chakula kwenye lita 4 za maji, acha dakika chache, suuza, simamisha ukauke. Lakini sikiliza, usichanganye jik na limao au siki. Inatoa gesi inayobana kifua, mi nimeshaona mama amefungiwa jikoni kwake mwenyewe anakohoa machozi yanamtoka kwa kutaka ubao unukie vizuri. Moja leo, nyingine kesho.

Minofu inakaa muda gani, na umeme huu wetu?

Kwenye friji siku moja, mbili ukizidi. Kwenye friza mi naifunga kila mnofu peke yake kwenye nailoni bila hewa na sipitishi miezi mitatu, siyo kwamba itaua mtu, ila ladha inakuwa ya karatasi. Umeme ukikatika usifungue mlango kuangalia kama bado vimeganda. Friza iliyojaa ikikaa imefungwa inashika kama masaa 48, ikiwa nusu masaa 24, friji ya kawaida manne tu. Kuyeyusha ni ndani ya friji usiku kucha, siyo juu ya kabati karibu na jiko.

Ukipika, minofu hii ni myembamba, dakika mbili tatu kila upande kwenye kikaango cha moto. Nyama ikiwa nyeupe yote na inaachana kwa uma imeiva.

Naweza kujifunzia kwa perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, ni bei rahisi?

Jifunzie hapo kushika kisu na kutoa ngozi, sawa. Lakini ukataji ni mwingine, perege na sato unakata mgongoni unazunguka mbavu, minofu miwili, na ana mwiba mkali wa mgongoni ambao gayogayo hana kwa namna ile. Mi kwakweli naona gayogayo ni rahisi zaidi, analala palepale ulipomweka, sangara ndo anabingirika.

Na mapanki?

Nilisema hayatupwi. Toa matamvua, suuza damu yote pale kwenye uti, chemsha na kitunguu, tangawizi, karoti, dakika 20 mpaka 25, usizidishe, ukiyaacha lisaa supu inakuwa chungu na nzito kama gundi. Chuja kwenye kitambaa maana miiba midogo inapita kwenye chujio la chai. Supu hiyo ipikie ndizi mshare, ponda kama mtori, weka ndimu mwishoni. Baba mkwe wangu alikula bakuli mbili akauliza ni nyama ya wapi hii, nikamwambia ni ya Tanga, akasema Tanga kuna ng'ombe wazuri.

Mifupa iliyobaki ifukie kwenye shina la mgomba, shimo liende chini mpaka kwenye kiwiko, ukiifukia juujuu mbwa wa jirani ataifukua usiku na asubuhi uti wa gayogayo unaukuta mbele ya geti la mtu.